Koti la Mvua Mwezi wa Jua Kali

Mume wangu alistaafu ofisi ya ardhi akiwa na vitu viwili alivyovipata kazini: suti nyeupe ya serikali yenye vifungo vya dhahabu, na tumbo. Kwa muda vilielewana. Baadaye suti ikastaafu, tumbo likaendelea na kazi.

Hilo lisingemsumbua mtu kama Fon, binti yetu wa pekee, asingechumbiwa na kijana wa jeshini. Baba wa bwana harusi ni kanali, mwembamba kama mpini wa jembe. Siku ya posa alikuja na suti yake nyeupe, vifungo vyote vimefungwa, na bado kulikuwa na nafasi ya kupitisha paka. Baba Fon alivitazama vile vifungo kuliko alivyomtazama mkwe wake.

"Ipeleke suti kwa fundi kabla ya harusi," nikamwambia usiku ule. "Mshono una akiba. Ataiachia kidogo ubavuni."

"Mwili ndio utakaoirudia suti, Mama Fon. Si suti kuukimbilia mwili."

Maneno matamu kabisa. Laiti angeyasema Desemba, kwenye baridi. Lakini ilikuwa Aprili, hapa Lampang, kaskazini mwa Thailand, na hata mbwa wa hekaluni walikuwa wamechoka kubweka. Wenye akili zao hufanya mazoezi alfajiri, au hungoja jua lilegee. Baba Fon akachagua kukimbia saa kumi alasiri, kuzunguka bwawa la bustani ya mji.

"Jua likiwa kali, jasho linatoka zaidi," alinifundisha. "Na jasho ndiyo mafuta yenyewe. Yanatoka yameyeyuka."

"Si ungeniambia nikukaange nyumbani? Hata viatu usingechakaza."

Siku ya pili akaja na maarifa mapya: koti la mvua la plastiki, amelivaa ndani ya fulana. Nilitoka uani nikaitazama mbingu, kwa heshima ya taaluma yake. Wingu halikuwepo hata la dawa. Na maji hakunywa. Alisema maji yana uzito, na uzito ndio anaoupunguza. Huyu ndiye mtu ambaye serikali ilimwamini na vipimo vya mashamba ya watu.

Nikawa namfuata bustanini kila jioni na mkeka wangu. Msidhani nilikwenda kujinyoosha. Wanaojinyoosha ni wanawake wa kundi la Mwalimu Pui, mwanamume wa makamo mwenye suruali ya kubana ya waridi na sauti ya kuamsha wafu. Yeye haanzi kabla jua halijashuka, na kila baada ya wimbo mmoja huwasimamisha wote wanywe maji. "Mwenye kizunguzungu akae kivulini!" hupiga kelele. "Mwenye kumaliza asisimame ghafla, atembee kwanza, damu irudi kichwani! Asinifie mtu hapa, sina muda wa mazishi!" Sisi wa mikekani humcheka mpaka tunapaliwa na wali.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuangalia nani ananenepa. Na nilikuwa na kazi ya pili, ambayo sikupewa na mtu. Saa kumi na mbili kamili vipaza sauti vya bustani hupiga wimbo wa taifa, na kila mtu husimama pale pale alipo, mikono ubavuni, mpaka uishe. Wakimbiaji husimama. Wauza kahawa husimama. Mimi nilisimama kuliko wote, na jicho langu lilizunguka kutafuta anayejikuna. Mwaka jana nilimkaripia bwana mzima kwa kupiga chafya.

Siku ya mkasa wenyewe Baba Fon aliendelea na mizunguko yake kama kawaida. Kila akinipita nilimrushia neno, naye alinirudishia, kwa kuwa ndivyo tulivyoishi tangu harusi yetu.

"Baba Fon! Umeshampita yule kobe wa bwawani?"

"Kobe hana mke wa kumsema," akajibu akihema, "ndiyo maana anaishi miaka mingi!"

Dada Lamai, jirani yangu, alicheka mpaka akashika mbavu. Nikakaa nikatunga neno zuri zaidi kwa ajili ya mzunguko unaofuata. Alipotokea nikalitoa kwa sauti, bustani nzima ifaidi.

"Baba Fon! Tumbo lako limeshafika! Wewe uko wapi?"

Hakujibu.

Alinipita akiwa mwekundu kama pilipili iliyoiva, na uso wake ulikuwa mkavu. Mkavu, kwenye joto lile, ndani ya plastiki ile. Macho yalipita juu yangu kana kwamba mimi ni benchi.

"Leo umemkomesha," akasema Dada Lamai.

"Hajakoma huyo. Hana jibu."

Mume wangu amewahi kunijibu akiwa na homa. Amewahi kunijibu akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo umejaa vyuma. Nikainuka kumwita, na hapo hapo vipaza sauti vikakohoa, wimbo ukaanza.

Bustani ikatulia. Baba Fon alikuwa upande wa pili, karibu na ukingo wa saruji wa bwawa, na kwa mbio zile zile alizokuwa nazo akasimama kama mlingoti. Visigino pamoja. Kidevu juu. Mtu wa serikali mpaka kwenye kucha za miguu. Yale ya Mwalimu Pui, ya kutembea kwanza damu irudi, hakuyakumbuka, na hata angeyakumbuka asingesogea. Kwa hili tunafanana, mimi na yeye.

Nami nikasimama wima. Wimbo si mrefu, nikajiambia, utaisha sasa hivi. Akayumba kidogo mbele, akajirudisha. Watu wote walikuwa wanatazama bendera. Akayumba tena, kwa upande wa saruji.

Nikakimbia.

Mimi, na kandambili, katikati ya wimbo, nikapita mbele ya watu niliowatolea macho miaka nenda miaka rudi, mwili wangu ukienda kila kiungo upande wake. Nyuma nilisikia Dada Lamai akinong'ona kwa hasira, "Mama Fon! Wimbo!" Yule bwana wa chafya nilimpita kwa karibu. Sikumwangalia.

Magoti ya Baba Fon yalilegea nilipomfikia. Sikumdaka, nisiwadanganye, aliniangukia tu, tukaenda chini wote. Kichwa chake, badala ya saruji, kikakuta tumbo langu, ambalo nashukuru sikuwahi kulipunguza.

Wimbo ulipoisha, msaada ukafurika. Kila mwanamke wa mji huu ana kichupa cha dawa ya kunusa mkobani, na vichupa vyote vilikimbilia matundu mawili ya pua ya mume wangu.

"Ondoeni hivyo!" akafoka Mwalimu Pui, akipasua fulana na koti kwa mikono yake. "Mtu anaungua, nyie mnamnusisha! Kivulini! Barafu! Pigeni simu lije gari la wagonjwa!"

Sanduku la muuza kahawa likamwagwa lote. Barafu ikaingia shingoni, makwapani, na mahali pengine ambapo Dada Lamai mpaka leo anapasimulia. Nikammwagia maji, nikampepea kwa mkeka. Ngozi yake ilikuwa ya moto kama kikaango. Alifumbua macho, akaniita bosi, akaniambia ramani ya kiwanja imepotea.

Hapo mzaha uliniisha. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. "Nitukane, Baba Fon," nilimwomba, nimeshika uso wake. "Neno moja tu. Niite kobe. Niite chochote." Aliendelea kutafuta ramani.

Ndani ya gari la wagonjwa, dripu ikiwa mkononi, ndipo aliponigeukia akanitambua. Alinitazama kwa uchungu mkubwa.

"Ulisogea," akasema. "Wimbo ulikuwa bado."

Nililia mpaka nesi akaniuliza kama nami ni mgonjwa.

Suti ilikwenda kwa fundi siku iliyofuata, na koti la mvua likaenda jalalani. Daktari alimkataza jua, na aliporuhusiwa kusogea tukaanza kutembea alfajiri, polepole, chupa ya maji kila mtu na yake. Ndiyo, na mimi. Kobe wa bwawani anatupita, na Baba Fon humsalimia.

Siku ya harusi msafara wa bwana harusi ulifika getini kwetu asubuhi, ngoma na vigelegele, na ilipogonga saa mbili shule ya jirani ikapiga wimbo wa taifa, kama kila asubuhi. Ngoma zikanyamaza katikati ya pigo. Kanali akasimama wima. Baba Fon akasimama wima, suti nyeupe, vifungo vyote vimefungwa bila ugomvi.

Nami nikasimama kando yake kama inavyopasa, sikutikisika hata kidogo, isipokuwa mkono mmoja niliouingiza chini ya koti lake, nikaukamata mkanda wa suruali kwa nyuma.

"Niachie," akanong'ona bila kufungua midomo. "Watu wanaona."

"Waache waone," nikasema. "Wewe simama."