Kigoda Kitupu cha Luhende

Vumbi la gari lilikuwa bado halijatua Milembe alipokitazama kigoda cha babu Luhende, akakikuta kitupu.

"Baba, amekwenda wapi?" alimwuliza Maduhu, ndugu wa marehemu baba yake, ambaye sasa ndiye mkubwa wa boma lao hapo Shishiyu.

"Nani?"

"Yule mama Mzungu. Hajaitikia."

Maduhu alijifanya anakaza ngoma. "Wanawahi geti la mbuga. Wangefanyaje?"

Katika ukoo wao mzee Luhende, aliyekufa zamani, hakuitwa ovyo. Aliitwa pale tu mtu wa damu yake alipopewa jina lake. Mtu huyo huketi kwenye kigoda mbele ya kibanda cha mizimu, mkubwa wa boma humpulizia maji ya unga wa mtama, na babu huitwa mpaka sauti ikauke. Kisha mwanamke aliyepika pombe humnywesha kwa kibuyu, na aliyeketi hujibu, "Nipo. Umefika, tuketi." Hapo shughuli imekwisha. Lakini aliyeitwa asipoitikiwa hana pa kukaa. Husimama langoni, na wa kwanza kupita ndiye anayeshikwa. Kule Kiloleli, watu wa boma la Mahona walikatisha tambiko kwa sababu ya mvua. Walianza kufa ndama, akafuata mtoto.

Aliyeleta balaa hili ni Anatoli wa Bariadi. Zamani alikuwa mpima pamba kwenye chama cha ushirika. Soko huria lilipokuja na wanunuzi binafsi, mizani yake ikakosa kazi, naye akageuka mtembeza wageni. Asubuhi hiyo alikuja na Wazungu, akasema mmoja wao anataka kupewa jina la mizimu.

"Si wa damu yetu," Milembe alinong'ona, macho chini.

"Ah, dada, huyu ana uzoefu!" Anatoli alicheka. "Ameshafanyiwa huko Amerika ya Kusini, kwenye milima ya Andes. Wazee wa kule walimwombea mpaka akalia."

"Basi wafu wa kule wanamjua. Wa kwetu watamjulia wapi?"

Watu waliangua kicheko. Milembe akaona haya, akarudi kwenye chungu chake. Mama yule aliketi kwenye kigoda, Maduhu akamwita babu Luhende; mama akafumba macho, machozi yakamtiririka huku wenzake wakipiga picha. Kibuyu kilipomfikia alinusa, akatikisa kichwa, akashika tumbo. Anatoli akatazama saa. Wakamkumbatia Maduhu, wakapanda gari.

Sasa kutoka upande wa mto zikasikika kengele za ng'ombe. Walikuwa wanarudi.

Maduhu alizisikia pia. Uso wake ukawa wa majivu. "Hawawezi kupita lango likiwa hivi," alisema. Akatazama huku na huku, macho yake yakatua kwa Nyanjige, binti wa Milembe, aliyekuwa akiokota maganda ya pipi za wageni. "Mayu, mama yangu, njoo ukae hapa kidogo kwa guku, kwa babu."

Mtoto alipiga hatua. Milembe akamdaka mkono.

"Hapana, baba."

"Ni kukaa tu!"

"Anayeketi ameketi maisha yake yote. Halali nje ya boma hili mpaka azikwe. Wewe mwenyewe ulinifundisha."

"Nani aketi, basi? Mimi nimekubaliana na Anatoli, tutazunguka na wageni mpaka Mwanza. Mtoto ana safari gani?"

Kengele zilikuwa kwenye mikonge sasa. Tangu azaliwe Milembe hakuwahi kumbishia mkubwa. Alikitazama kibuyu mkononi mwake.

"Pombe hii nimeipika mimi," alisema, sauti ikikatika. "Mkono wangu hautamnywesha mwanangu. Aketi aliyeita."

"Milembe! Unanitupia mimi?"

"Sikutupii, baba. Jina la babu lilitoka kinywani mwako."

Maduhu alitazama lango. Hapakuwa na mtu, lakini mbwa alikuwa ameketi akipaangalia, masikio yamesimama, halii. Ndipo Maduhu akaenda polepole kwenye kigoda, kama anayeingia maji asiyojua kina chake, akaketi. Milembe akamshikia kibuyu. Pombe ilimwagika kidevuni.

"Nipo," alisema Maduhu. "Umefika. Tuketi."

Dume la mbele lilifika langoni likasimama. Likanusa ardhi muda mrefu. Wengine wakasongamana nyuma yake, hakuna aliyelia. Nyanjige alitaka kwenda kulifukuza, mama yake akamkaza mkono mpaka akalalamika anaumia.

Kisha dume likapita.

"Nisimame sasa?" Maduhu aliuliza, sauti ndogo.

"Keti kwanza, baba," alisema Milembe, hajayatoa macho langoni. "Bado wanaingia."