Kichokoo cha Ubavu wa Mwavuli

Watu wa mtaa ule walimwita Mzee Komeo, ingawa hakuwa mzee wala kazi yake haikuwa kufunga. Yeye alifungua. Ukipoteza ufunguo, ukikuvunjikia ndani ya kitasa, mpangaji mwenzio akiondoka na funguo zote kwa hasira, ulikwenda kibandani kwake ubavuni mwa gereji, naye akaja na mfuko wake wa turubai. Ndani mlikuwa na vichokoo kumi na viwili, vijiti vyembamba vya chuma cha pua vya kuchokolea matumbo ya kitasa mpaka kikubali. Hakununua hata kimoja. Kwa watu wa kazi yake, fundi anayenunua kichokoo ni sawa na mwindaji anayenunua nyama. Vyote vilitoka kwenye takataka: ukanda wa chuma ulio ndani ya waipa ya gari iliyochakaa, kipande cha msumeno wa chuma, spoku ya baiskeli. Alikata, akapiga tupa, akapiga msasa mpaka ncha ikapita kwenye mdomo wake bila kukwaruza.

Mkewe alitengeneza miavuli kwenye kibanda hichohicho. Meza yao moja, jiliwa yao moja ya kubania vyuma, redio yao moja. Siku moja isiyo na wateja alichukua ubavu wa mwavuli uliovunjika, ule waya wa chuma unaotanua kitambaa, akaupinda ncha, akaupiga tupa huku akimsikiliza mumewe akisimulia habari za kufuli moja sugu. Kisa hakijafika mwisho, mama wa watu keshafungua kufuli la mazoezi lililokuwa mezani. Mzee Komeo alicheka mpaka machozi. Alimwita hata fundi gereji aje ajionee.

Kicheko kile alikijutia. Fundi gereji hana kifua. Hata siri zake mwenyewe huwa anazitoa kabla hazijaiva. Kabla mwaka haujaisha, wateja walikuwa wanachungulia kibandani na kuuliza, "Mama yupo?"

"Na mimi nipo," alijibu.

"Aa, tunakuona, Mzee. Ila mama ana mkono mwepesi."

Mkono mwepesi! Mkono aliouonyesha yeye mwenyewe namna ya kushika tupa! Basi wivu ukamwingia, na tusimpambe: ulikuwa wivu mbaya, ule wa kumkasirikia mtu hata anapokupa chai. Akisikia tupa ya mkewe ikikwangua upande wa pili wa meza, yeye aliongeza sauti ya redio. Mkewe akimwonyesha kichokoo kipya, alikigeuzageuza, akasema, "Si kibaya," na roho ikimuuma kwa sababu kilikuwa kizuri kuliko vyake vyote.

Kisha akaja mwokaji mikate wa kona, na wivu ukapata mguu wa pili.

"Samahani, kaka. Shemeji yupo? Mlango tena."

Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule. Shemeji tangu lini? Hawakunyonya ziwa moja wala hawakusoma darasa moja.

"Mlango gani huo unaojifunga kila wiki?"

Mwokaji alijitazama mikono yenye unga. "Ni mlango tu, kaka."

Mkewe akachukua mfuko wake akaenda. Alirudi baada ya saa nzima, mkate wa moto kwapani.

"Kitasa kilikuwa kigumu?"

"Kiasi. Tena tuliongea kidogo."

"Mliongea nini?"

"Ya kwake, mume wangu. Siwezi kuyatangaza."

Mzee Komeo hakuugusa mkate ule. Aliula kesho yake, umekauka, kwa hasira.

Kesho hiyohiyo mkewe alikwenda kununua kitambaa cha miavuli, na mumewe akafungua mfuko usio wake. Kile cha ubavu wa mwavuli, chembamba kuliko vyote, alikijua hata macho yakiwa yamefumbwa. Siku hizi mkewe hakutoka bila hicho. Akakishika kwa koleo, akaipeleka ncha yake kwenye moto wa jiko mpaka ikawa nyekundu, kisha akakiacha kipoe polepole chenyewe. Hakuna fundi asiyejua maana yake. Chuma cha pua kikichomwa hivyo hulainika, na kichokoo laini hakina kazi. Rangi ya moto aliiondoa kwa msasa. Kiling'aa kuliko kabla.

Alijiambia kwamba hamuumizi mtu. Alitaka siku moja tu mkewe ashindwe, ageuke, aseme: mume wangu, njoo unisaidie. Alitaka kuhitajiwa, na hakuona njia nyingine ya kulipata hilo.

Siku mbili baadaye mwokaji alikuja mbio, aproni ikimpepea. "Shemeji! Haraka, tafadhali!"

"Leo tunakwenda wote," alisema Mzee Komeo, na akatangulia.

Nyuma ya tanuri kulikuwa na korido, na mwisho wa korido mlango wa chuma. Dirisha la chumba lilikuwa na nondo. Moshi ulikuwa unapita chini ya mlango, na ndani kulikuwa na sauti ya bibi kizee: "Ondokeni! Mwanangu yuko shuleni, akirudi atawapiga!"

Mwanawe ndiye huyo mwokaji, amesimama pale, ana mvi na kitambi. "Mama, ni mimi! Fungua, mama!"

Mke wa fundi alikwisha piga magoti. "Akili zimeanza kumpotea," alimwambia mumewe bila kugeuka. "Anajifungia, anaficha funguo. Kijana wake anaona aibu, hataki mtaa ujue. Ndiyo hayo tuliyokuwa tunaongea."

Alitia kichokoo chake, akabonyeza. Akakitoa. Ncha ilikuwa imepinda kama majani. Akainyoosha kwa vidole, akajaribu tena, ikapinda tena. Aliikwaruza kwa ukucha, akaitazama kwenye mwanga. Kisha akamtazama mumewe, mara moja tu.

"Nipe chako."

Mzee Komeo alimpa cha waipa. Kikaingia nusu, kikakwama. Tundu lilikuwa jembamba mno.

"Hakuna kingine kinachoingia humu," alisema mkewe. "Kile nilikitengeneza kwa ajili ya kitasa hiki."

Ndani, bibi alianza kukohoa.

Mwavuli wa mwokaji ulining'inia ukutani. Mkewe aliushusha, akauvunja ubavu mmoja. "Tupa." Mzee Komeo akatoa tupa, akaushika ubavu kwa koleo, mkewe akikwangua. Ubavu ukamponyoka mume.

"Shika vizuri."

Alishika. Mwokaji alikuwa anapiga mlango kwa viganja na kuita. Kikohozi kilikuwa karibu na mlango, kikawa mbali, halafu kikakoma. Mzee Komeo hakuwahi kuomba kitu maishani kama alivyoomba kukisikia tena kile kikohozi. Tupa iliendelea kukwangua.

Mlango ulipofunguka walimkuta bibi sakafuni, kando ya jiko na shuka lililoshika moto. Walimbeba hadi uani, wakampepea, wakamnyunyizia maji. Muda ulipita. Hatimaye akakohoa, akafumbua macho, akauliza kama mikate imeungua.

Mwokaji alilia mbele za watu. "Asante, shemeji. Asante, kaka. Mungu awaweke." Hiyo ya kaka ndiyo iliyomchoma zaidi.

Walirudi kibandani, mke mbele, mume nyuma. Mke alikiweka kile kilichopinda juu ya jiliwa.

"Umepiga msasa vizuri," alisema. "Rangi yote umeiondoa."

"Mke wangu, mimi nili..."

"Bibi wa watu alinyamaza mle ndani. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi."

Akavuta mwavuli uliokuwa unamsubiri, akaendelea kushona. Hakupiga kelele, hakulia, hakwenda kwao. Mzee Komeo angefurahi kama angepiga kelele.

Kesho yake mkewe alikuja na kisanduku cha bati. Akaweka mfuko wake ndani, akatia kufuli dogo, lile la kuchezea linalowekwa kwenye mabegi ya watoto, ufunguo akauvaa shingoni. Kufuli lile Mzee Komeo angelifungua kwa njiti ya kiberiti huku anapiga chafya, na mkewe alilijua hilo vizuri sana. Alikuwa na makufuli makubwa ya kuchagua, meza nzima. Akachagua lile, na kisanduku akakiweka upande wa mumewe, mkono unapofika.

Mpaka leo mkewe, akiingia asubuhi, kwanza huinama kulikagua kufuli kama limeguswa. Kisha ndipo humsalimia mumewe.