Ruhusa ya Kuinuka

Baba aliinua mkono tukiwa katikati ya chakula cha mchana, akabaki hivyo, macho kwa Mama. Mimi na wadogo zangu tuliangua kicheko, tukidhani ni utani. Mama hakucheka.

"Nenda tu, baba watoto," alimwambia taratibu. "Uko nyumbani."

Ndipo akaushusha mkono, akaenda chooni.

Miaka mingi ya kushona mashati kiwandani ilimfundisha hivyo: huinuki mpaka msimamizi akubali. Mtu mzima, mwenye mvi hadi kwenye ndevu, aliomba kibali cha kukojoa nyumbani kwake mwenyewe.

Mgongo wake ulipomkataa, cherehani yake nikapewa mimi, kana kwamba ni urithi. Jirani yangu wa cherehani ya pili tulimwita Kicheko. Hata mimba ilipomwelemea hakukosa neno la kutuvunja mbavu. Siku hiyo aliinua mkono. Msimamizi akamwona, akageuza uso, maana kulikuwa na mzigo wa kumaliza. Akainua tena. Mkono ukashuka wenyewe, na chini ya kiti chake sakafu ikalowa.

Msimamizi alikuja bila haraka. Alimtupia kipande cha kitambaa, akamwambia afute upesi kabla mashati hayajachafuka. Kicheko, na tumbo lile, akapiga magoti. Ukumbi umejaa watu, na hakuna mashine iliyonyamaza. Yangu nikaizima. Nikamnyang'anya Kicheko kile kitambaa, nikakisukumiza mkononi mwa msimamizi.

"Futa wewe."

Haukupita muda nikawa nje ya geti. Kicheko alibaki. Hakuthubutu kunitazama, wala simlaumu. Hasira yangu mpaka leo ni kwa wale waliopanga kwamba mtu achague kati ya utu wake na tonge la mwanawe, kisha wakaiita hiyo ajira.

Nyumbani nilijua Baba atanigombeza, kwa kuwa mshahara ule ndio uliotulisha sote. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama.

"Huyo Kicheko alifuta?" aliuliza.

"Alianza kufuta, Baba."

Akaitikia kwa kichwa.

"Mimi, siku yangu, nilimaliza."

Mama akaziweka chini nguo alizokuwa akikunja, akaenda kufunga mlango, wadogo zangu wasisikie.