Mizani Ilipokataa Sura Yangu

Usiku wa jana niliota tumeshaondoka. Lori liko mwendoni, mimi nimekaa mbele karibu na dereva, begi langu liko mapajani, na hakuna aliyeniuliza kama nataka kusafiri. Hilo halikunishangaza. Maisha yangu yote nimeondoka kwanza, sababu nikazitafuta njiani.

Kilichonishangaza kidogo ni dereva. Alikuwa kitufe. Kitufe cha mviringo, cha kijani, kama vile vya kwenye pedi za gemu, ila ukubwa wake ulikuwa wa sahani ya wali, na kilikuwa kimefunga mkanda.

"Shikamoo mzee," kikasema.

"Marahaba. Tunakwenda wapi?"

"Hatua ya Nne. Kwa dada yako."

"Dada yangu yuko Korogwe."

"Ndiyo hapo hapo. Siku hizi panaitwa Hatua ya Nne."

Nikaridhika. Miji mingi niliyopita imebadilishwa majina bila mimi kuulizwa.

Dereva akajitambulisha kwamba anaitwa Kuruka, na kazi yake ni hiyo hiyo. Udereva ni wa kushikia tu. Akanieleza hali ilivyo. Dada Mwantumu amepika tangu asubuhi. Amesimama mlangoni kwake, ng'ambo ya korongo, wala hawezi kuketi mpaka mimi nifike, kwa sababu waliomtengeneza hawakumwekea kitu kingine cha kufanya. Jua likizama, mwenye mashine anazima. Dada akinipokea kabla ya hapo, safari yetu inahifadhiwa. Asiponipokea, kila kitu kinaanza upya.

"Upya kutoka wapi? Kutoka hapa barabarani?"

"Kutoka mwanzo, mzee. Unazaliwa."

Nilishazaliwa mara moja, huko Lushoto, wakati wa masika, na kwa jinsi nilivyosimuliwa haikuwa shughuli ya kutamani kurudia. Halafu aliyenibeba mgongoni utoto wangu wote ni huyo huyo Dada Mwantumu. Tukianza upya atanibeba tena, na mgongo wenyewe sasa hivi hauwezi hata ndoo.

Nieleze kidogo, msije mkadhani nina homa. Nimefikia gesti moja ya hapa Makambako, na dirisha langu linatazamana na kibanda cha gemu cha dada mmoja anaitwa Atupele. Ana televisheni mbili. Kwenye moja lipo gemu jipya la vita, askari wake unamwona mpaka vinyweleo, na kila akifika mlango wa ngome anakwama, mguu mmoja juu. Kwenye nyingine lipo gemu la zamani, kijitu cha miraba miraba kinaruka mashimo. Foleni yote iko kwa kijitu. Jana mchana nilimuuliza Atupele kulikoni. Akasema, "Babu, lile wanakuja kuliangalia. Hili wanakuja kulicheza." Alinijibu kama mtu anayefukuza kuku. Nikaenda zangu.

Basi, lori linasimama. Hatujapita kona wala kilima, lakini tuko mizani.

Waliosafiri na malori wanaijua mizani. Chuma kimelala barabarani, gari linapanda juu, na ukizidi huendi popote. Tofauti ni kwamba hii ilikuwa inaongea, na ilikuwa na mafua.

"Gari limezidi," ikasema kutoka chini ya matairi.

"Limebeba nini?" nikauliza.

"Limebeba mzee."

"Mimi mwembamba."

"Mwili ndiyo mwembamba. Sura ndiyo nzito." Ikapiga chafya, lori likatikisika. "Una nywele za masikioni, na kila mmoja unapeperuka kivyake. Una makunyanzi, na kila kunyanzi lina kivuli chake. Una shati la mistari lililofuliwa mara nyingi, na kila kufuliwa kunaonekana. Mashine yetu ni ya mtumba, mzee wangu. Ikihangaika na nywele zako, haipati nafasi ya kuhangaika na miguu yako."

"Mbona nimekuja nazo mpaka hapa?"

"Umekuja umekaa."

Nikashuka ili nimwonyeshe huyu chuma kwamba miguu yangu ni mizima. Nikarudi nyuma hatua mbili.

"Unakwenda wapi?" Mizani ikauliza.

"Naruka. Ndivyo ninavyoruka. Narudi nyuma kwanza."

Nikambonyeza Kuruka. Nikangoja. Upepo ukavuma, nywele za masikioni zikapeperuka, kila mmoja kivyake.

"Tayari," akasema Kuruka.

"Mbona sijaruka?"

"Utaruka. Jumatano."

Hapo ndipo nilipomwona bwana mmoja anaitwa Elinami. Alikuwa amesimama kando ya mizani, ndani ya suti ambayo ungeweza kuhesabu nyuzi za kola, na machoni mwake yalionekana mawingu yote yaliyokuwa juu yetu, hata lile dogo. Sijapata kuona mtu mzuri kiasi kile. Watu walikuwa wanapanga mstari kupiga naye picha. Bega moja lilikuwa na tone la mvua ambalo halijaanguka bado.

"Wewe nawe umezidi?" nikamuuliza.

"Nimezidi," akasema bila mdomo kusogea, maana mdomo ulikuwa bado unapakiwa. "Wanataka nipunguze. Nimewaambia mimi siwezi kuwa miraba. Mtu na hadhi yangu."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Harusini."

"Ya nani?"

"Yangu."

Nikalitazama jua. Lilikuwa linashuka kwa kurukaruka, kama mtu anayeteremka ngazi. Nikaiambia Mizani, haya, chukua unachotaka.

Ikaanza na nywele za masikioni. Sikuzililia. Ikachukua kivuli changu, na papo hapo nikasikia mguu wa kulia umeamka. Ikachukua mistari ya shati, nikabaki mwekundu mtupu, na mguu wa kushoto nao ukaitika. Kwenye makunyanzi nilisita, kwa sababu yale nimeyatafuta mwenyewe, mengine Songea, mengine Kigoma, mengine juu ya matenga ya nyanya ya watu. Yakaenda.

"Na hili goti linalouma, halichukuliki?" nikauliza.

"Maumivu hayaonekani. Hayana uzito. Baki nayo."

"Tumemaliza?"

"Bado sura yenyewe."

"Sura hapana."

"Mzee..."

"Hapana, sikiliza. Dada yangu hajaniona miaka mingi. Nikienda bila sura, atanijuaje?"

"Hilo sijui," ikasema Mizani. "Mimi ni mizani."

Kuruka akakohoa kidogo. "Mzee, mimi nimekuwa nawe njia nzima, na sijawahi kukuangalia usoni. Nakujua kwa kidole kinavyonibonyeza. Inatosha kabisa kwa kazi yetu."

"Wewe ni kitufe."

"Ndiyo, lakini ni kitufe cha siku nyingi."

Jua likashuka ngazi nyingine. Nikaitoa sura.

Haikuuma. Nilijitazama kwenye kioo cha lori nikakuta mraba mwekundu juu, nadhani ndiyo kofia, miraba michache ya kahawia katikati, ndiyo mimi, na miwili myeusi chini, ndiyo viatu.

"Umejiharibu, mzee," akasema Bwana Elinami kwa masikitiko, na tone lake bado liko begani.

"Naam," nikasema. Nikarudi nyuma, nikabonyeza, nikapita juu ya kichwa chake. Sikukusudia kumvunjia heshima. Nilibonyeza tu, na nikaruka, wakati ule ule. Sijaruka hivyo tangu enzi za kudandia malori yanayotembea.

Ninapotua, mizani haipo. Niko ukingoni mwa korongo, na Kuruka yuko mkononi mwangu, amekuwa mdogo kama kifuniko cha soda.

Korongo lenyewe ni jeusi, maji ni mstari wa buluu, na mbao za kukanyagia zinatokea na kupotea. Kuruka ananiambia zamani palichorwa kwa ustadi mkubwa. Maji yalimetameta, nyasi ziliinama kwa upepo, na abiria wote walitumbukia, kwa sababu hakuna aliyeona nchi kavu inaishia wapi. Watengenezaji walikuwa watatu, mmoja anaumwa. Wakakaa kikao wakajiuliza: watengeneze nyasi au wavushe abiria? Abiria wakashinda kwa kura mbili. Mgonjwa alitaka nyasi.

Narudi nyuma. Nabonyeza. Naruka. Naanguka.

Sifi. Najikuta tena ukingoni, goti linauma, hakuna anayenisimanga. Naruka tena, naanguka tena, na safari hii najua kwa nini: nimewahi. Ya tatu nimechelewa. Kila nikianguka, kosa ni langu na naliona lilipo. Maisha hayajawahi kunifanyia heshima hiyo.

"Unacheka, mzee," anasema Kuruka.

"Sicheki."

"Mabega yanacheka."

Kweli, nilikuwa nacheka. Nilivuka ubao wa mwisho jua likiwa limebakiza ngazi moja.

Dada Mwantumu alikuwa mlangoni kama nilivyoambiwa. Miraba ya kijani, ndiyo kanga. Mmoja mweupe mkononi, ndiyo chakula.

"Chakula kimepoa," akasema.

"Dada, shikamoo. Nimefika."

"Chakula kimepoa."

"Ni mimi. Nasibu. Mdogo wako."

"Chakula kimepoa."

Alisema bila hasira, kwa sauti ile ile, kama mtu anayemwambia mpita njia. Nikavua kofia ili anione vizuri, ikatoka na kichwa. Nikairudisha.

"Ana sentensi moja tu," ikasema sauti chini yangu. Nilikuwa nimesimama juu ya Mizani. Ilikuwa imetandikwa mlangoni kama mkeka. "Nafasi haikutosha."

"Nimekuachia sura nzima!"

"Sura ndiyo iliyokuvusha. Imeshatumika."

"Sasa kimebaki nini?"

Ikanipima polepole, inavuta makamasi. "Kwenye vidole," ikasema. "Kuna mistari midogo midogo. Hakuna mtu anayeiona, lakini ndiyo mizito kuliko vyote. Wachoraji walijisahau."

"Itatosha sentensi ngapi?"

"Moja. Fupi."

Nikataka kusema chukua, nikakumbuka. Nikamtazama Kuruka kiganjani.

"Mimi sitakujua tena," akasema. "Kidole kikishakuwa kitupu, ukinibonyeza nitadhani ni mvua."

"Unaonaje?"

"Mimi naona uruke mara ya mwisho, mzee. Halafu utoe."

Mlangoni palikuwa na beseni la maji ya kunawa, pale kati yangu na Dada. Jua likaweka mguu kwenye ngazi ya mwisho. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikabonyeza, na nilipokuwa bado hewani nikasema, "Chukua."

Nikatua upande wake. Dada Mwantumu akanyamaza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunyamaza. Kisha ile miraba yake ikageuka ikanielekea.

"Nasibu," akasema, "bado unarudi nyuma kwanza!"

Umeme ukazimwa.

Nimeamka asubuhi, kuku wa watu wako dirishani. Niliposhika kikombe kilitaka kuniponyoka. Nikaangalia dole gumba. Halina mstari hata mmoja. Laini, kama mgongo wa kijiko. Na vingine vivyo hivyo.

Wengine habari zao, kwa kadiri ninavyojua, ni hizi.

Mizani imerudi barabarani na mafua yake. Kuruka amepewa abiria mwingine. Bwana Elinami bado amesimama pale, anazidi kupendeza, na tone limefika kwenye kiwiko. Bibi harusi alingoja kiasi cha kungoja, kisha akaolewa na mtu wa miraba sita.

Mtengenezaji aliyekuwa anaumwa amepona, na bado anataka nyasi.

Atupele amefungua kibanda. Askari wa vinyweleo amekwama mlango wa ngome. Foleni iko kwa kijitu.

Mimi nilikwenda kwa wakala wa simu, maana laini yangu ilifungwa siku nyingi na wanataka alama za vidole. Yule binti alinibonyeza kidole kwenye kile kimashine mpaka akachoka. Akakipangusa kwa gauni lake, akajaribu tena. "Babu," akasema, "una vidole vya namna gani? Mashine inasema hapa hakuna mtu." Nikamwambia ni vidole vya kawaida, vimesafiri tu. Akacheka, akaniazima simu yake.

Dada Mwantumu yuko Korogwe, hajambo, isipokuwa mgongo. Nikampigia. Namba ya yule binti haijui. Alipopokea sikusema kitu mara moja. Nilivuta pumzi kwanza, kama kawaida yangu.

"Nasibu," akasema.

Basi la leo limejaa. Nimekata tiketi ya kesho, kiti cha mbele, karibu na dereva. Nimeuliza dereva ni nani. Wameniambia ni mtu.