Chaneli Mia za Ziada

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, fundi wa kamera alifuta vumbi kwenye skrini ya nne, akavuta kiti, akaandika katika daftari la zamu kwamba kamera ya tisini haina picha, kamera ya mia na tatu ina utando wa buibui, na dada yake anaendelea vizuri. Daftari hilo lilipitiwa kila Ijumaa na ofisa usalama wa kiwanda. Huyo aliweka tiki nyekundu kwenye kila mstari na hakuwahi kuuliza kitu.

Dada alikuwa mshonaji wa kola katika ukumbi wa tatu wa kiwanda hichohicho, mashine ya thelathini na nane. Mwaka mmoja na miezi minne nyuma, marobota ya kitambaa yaliwaka moto ghalani na moshi ukaingia ukumbini. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, lakini askari aliyekuwa hapo aliendelea kupekua mikoba, mmoja baada ya mwingine, kama ilivyo kila siku, kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia aache. Foleni haikwenda. Dada akaona isiwe taabu, akaelekea mlango wa nyuma, ule wenye maandishi ya kijani ya dharura. Mlango huo ulikuwa umefungwa kwa nje kwa mnyororo na kufuli, ili vitambaa visiibwe. Walimzika kesho yake. Siku ya nne fundi alirudi kazini, akawasha skrini, akamkuta dada yake ameketi kwenye stuli chini ya kamera ya mia na kumi na saba, anafunga kitambaa chake cha kichwa.

"Leo umechelewa," dada alisema. Sauti yake ilitokea kwenye kispika kidogo cha mezani, kile cha kuitia walinzi.

"Nilikuwa msibani."

"Msiba wa nani?"

"Wako, dada."

"Poleni sana," akasema dada, na akauliza kama mama alipata mtu wa kumsaidia kuteka maji.

Maisha yake mapya yalikuwa na masharti machache. Aliweza kwenda popote panapoonwa na kamera, hatua moja nje ya hapo hakuweza. Kinasa kilichomhifadhi, ile mashine inayorekodi picha za kamera, kilikuwa cha zamani. Kiwanda kilikuwa na vinasa vinane, kila ukumbi na chake, na hakuna kilichojuana na mwenzake. Kwa hiyo dada alikuwa mtu wa ukumbi wa tatu tu, kamera arobaini na nane, na kati ya mbili za mwisho kulikuwa na nguzo iliyoficha sehemu ya sakafu, ambayo alilazimika kuiruka. Baada ya siku thelathini kila rekodi ilifutwa na mpya kuandikwa juu yake. Rekodi ya siku ya moshi, ambayo ndiyo iliyombakiza dada, fundi alikuwa ameiwekea alama ya kutofutwa, akisubiri watu wa uchunguzi. Walikuja mara moja, wakanywa chai, wakasema watarudi.

Chumba cha skrini hakikuwa na dirisha. Fundi alikwisha kupata kazi nyingine, mahali penye madirisha makubwa na bustani, akaikataa. Angemwachia nani dada yake? Alimpenda, na alichoka naye, na alijichukia kwa kuchoka. Jioni alipofika nyumbani mama yao alimwuliza swali lilelile.

"Dada yako kala?"

"Hali, mama. Yuko kazini."

"Kazi gani hiyo haina hata likizo? Mwambie arudi. Kitanda chake nimekitandika."

Mama hakuwa amechanganyikiwa. Alijua kaburi liko wapi na alilipalilia mwenyewe. Alichotaka ni mtoto wake alale nyumbani, basi.

Ndipo vinasa vya zamani vilipoanza kufa. Kimoja kilikufa Machi, viwili vikakifuata Aprili, na kile cha ukumbi wa tatu kikaanza kukoroma. Dada alilalamika kwamba asubuhi miguu yake haifiki sakafuni mpaka saa tatu. Meneja akamwita fundi ofisini na kumwambia atafute kinasa kipya, kimoja, kikubwa, cha kubeba kamera zote mia nne na kumi na mbili.

"Wewe ndiye mtaalamu," meneja alisema. "Chagua. Mimi nataka picha isiyo na ukungu na maneno machache."

Fundi alitoka pale haraka. Alienda getini akaanza kuhesabu nguzo za umeme mpaka kwenye kibaraza cha mama yake. Zilikuwa tisini na nne. Kila nguzo kamera moja, kila kamera chaneli moja kwenye kinasa. Akiongeza sita za ndani, jikoni, sebuleni, chumbani kwa dada na kwingineko, zinatimia mia. Kinasa chenye chaneli mia tano na kumi na mbili kingemfikisha dada nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

Walikuja wauzaji watatu. Fundi aliwapokea katika chumba cha skrini, ili dada naye asikie.

Wa kwanza alitaka kuuza vinasa vingine vinane, vidogo, vya rangi ya fedha. Dada alitikisa kichwa kabla muuzaji hajamaliza kufungua mkoba.

Wa pili alisema mambo ya mashine yamepitwa na wakati, siku hizi rekodi zote zinatumwa kupitia mtandao na kutunzwa nchi ya mbali, kwenye majengo yenye baridi.

"Nchi gani?" dada aliuliza.

Muuzaji aliisogelea skrini, akamwamkia, akasema kwa kweli hata yeye hajui, zinabadilika badilika.

"Mimi sipelekwi mahali nisipomjua mtu hata mmoja," dada akasema. "Tena penye baridi. Mwenzangu, asante kwa kuja."

Wa tatu alikuwa mzee wa tai nyekundu aliyewahi kuwa fundi kabla ya kuwa muuzaji, na hilo lilionekana kwenye vidole vyake. Kinasa chake kilikuwa na kimo cha kabati la nguo. Chaneli mia tano na kumi na mbili. Fundi akamwuliza kama kinapokea kamera za zamani pamoja na mpya. Kinapokea. Kama rekodi zilizowekewa alama zinaweza kuhamishwa bila kukatika. Zinaweza. Na diski ikifa?

"Zife mbili kwa pamoja, hakipotei kitu. Ila ya tatu ikifuata, hapo usinitafute." Akamtazama dada kwa miwani yake. "Huyu ndiye wa kuhama?"

"Ndiye."

"Mtu mmoja hachukui nafasi kubwa. Labda akiwa anatembea sana."

"Nitatembea sana," dada alisema.

"Basi mwongezee diski mbili," mzee akamwambia fundi, na akaandika.

Ilibaki fomu ya kamati ya manunuzi. Fomu ilikuwa na kisanduku kilichouliza sababu ya kutaka chaneli zaidi ya kamera zilizopo. Fundi aliyeandika ukweli wote katika daftari lisilosomwa na mtu, hapa penye kusomwa aliogopa kukataliwa, akaandika neno moja: upanuzi. Kosa lake lilikuwa hilo. Kamati ilipitisha kinasa kwa dakika kumi, na meneja akazungushia lile neno duara la kalamu ya bluu.

Kuhama kulichukua saa kumi na tisa. Dada alikaa kwenye stuli muda wote huo, mkoba wa kazini mapajani, kama msafiri aliyewahi kituoni. Picha yake ilififia, ikaisha kabisa. Fundi hakula. Alisimama mbele ya kabati jipya, mkono juu ya bati lake, akiomba kimoyomoyo, na taa za kijani zikiwaka na kuzima bila haraka yoyote.

Dada aliporudi kwenye skrini alikuwa safi kuliko alivyowahi kuonekana. Mishono ya kitambaa cha kichwa ilihesabika. Kovu la kisigino, la utotoni, lilikuwepo. Fundi akaona pia kitu ambacho kinasa cha zamani hakikuwahi kumwonyesha, kwamba kucha za dada yake zimevunjika, zote kumi, mpaka kwenye nyama.

"Dada, vidole vyako."

"Ni ule mlango," dada alisema, akavificha kwapani. "Usilie mbele ya mashine mpya, ikiharibika watakukata kichwa."

Alilia hata hivyo. Dada akamgeuzia mgongo kwa heshima, halafu akaondoka. Alipita ukumbi wa nne ambako hakuwa amefika tangu afe, akapita kantini, akasalimiana na mpishi, akapita korido ya ofisi akagusa mazulia kwa mguu. Saa kumi na moja alifika getini. Wafanyakazi walikuwa wanatoka. Alipanga foleni kama wengine, akapekuliwa mkoba kama wengine, kisha akasimama pale kamera ya mwisho inapoishia, vidole vya miguu kwenye mstari.

"Nguzo ya kwanza naiona," alimwambia mdogo wake. "Harakisha basi."

Asubuhi iliyofuata fundi alipeleka kwa meneja mchoro wa nguzo tisini na nne, na kwa mara ya kwanza akaeleza kila kitu, mama, kitanda na yote. Meneja alimsikiliza vizuri. Hakuwa mtu mbaya wa kupiga kelele. Ubaya wake ulikuwa wa utulivu, ule unaokuomba uketi kwanza.

"Pole sana," alisema. "Lakini barabara si mali yetu. Halafu chaneli zile nimeshazigawa. Wewe mwenyewe uliandika upanuzi." Akafungua mchoro wake. Kamera mpya juu ya kila safu ya mashine, ionekane mikono. Kamera kwenye njia ya chooni, zihesabiwe dakika. Kamera juu ya meza za kantini. Zilifika tisini na tisa. "Na ya mwisho weka nje, nyuma ya ukumbi wa tatu, iangalie kufuli. Nimeambiwa kuna mtu anautikisa mlango kutoka ndani."

"Ni dada yangu."

"Basi iangalie vizuri."

Fundi alizifunga zote mia kwa mikono yake. Ilimchukua wiki tatu. Angeweza kuacha kazi, na usiku huohuo mtu mwingine angekuja na kuiondoa ile alama ya kutofutwa kwa kidole kimoja. Mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki. Alipanda ngazi, akatoboa ukuta, akavuta waya. Wanawake wa mashine walimwangalia akiwawekea macho juu ya vichwa na hawakumwitikia salamu. Ilimuuma, akaona wana haki.

Kamera ya mia tano na kumi na mbili aliifunga Jumamosi, nje, kwenye kichochoro cha hatua nne kati ya mlango wa nyuma na ukuta wa uwanja. Palikuwa na majani, bomba linalovuja na kipande cha mbingu. Jumatatu alipowasha skrini, dada alikuwa amesimama pale. Alikuwa nje. Upepo ulimpeperushia ncha ya kitambaa. Alitazama juu kwa muda mrefu na fundi akamwacha, akijua kwamba hapo ndipo pa mwisho, ukuta una mita tatu na hauna kamera upande wa pili.

Kisha dada akaugeukia mlango. Ndani ya ukumbi mashine zilikuwa zinanguruma, na kwenye ya thelathini na nane aliketi mshonaji mpya aliyeanza mwezi ule. Dada akalishika kufuli kwa vidole vyake vile.

"Ufunguo uko wapi?"

"Kwenye droo ya ofisa usalama."

"Kamwambie."

Alienda akamwambia. Ofisa usalama alisema ufunguo hutolewa kwa maandishi, na maandishi hutoka kwa meneja, na meneja ameagiza kufuli libaki.

"Kasemaje?" dada aliuliza.

"Kakataa."

"Haya," dada akasema, akaanza kuvuta.

Jioni mama alimwuliza fundi dada yake anarudi lini. Fundi alimjibu kwamba ametoka nje sasa, lakini ameona kazi nyingine mlangoni. Mama alitikisa kichwa, akasema mtoto yule toka zamani hakuweza kuacha wenzake ndani, akaenda kukung'uta shuka.

Daftari la wiki ile lilikuwa na mistari mitatu kwa kila siku. Kamera mia tano na kumi na mbili zinafanya kazi. Kufuli lipo na mnyororo uko imara. Dada yuko nje, anavuta. Ijumaa ofisa usalama alilipitia kama kawaida. Akaweka tiki kwenye kamera, akaweka tiki kwenye kufuli. Kwenye mstari wa dada kalamu yake ilisita, na kwa mara ya kwanza aliandika maneno, kwa mwandiko mzuri mwekundu: "Akumbushwe. Wafanyakazi wote watumie mlango wa mbele."