Damu ya Erasto kwenye Pembe

Wajukuu zangu, mmewahi kumwona mwanaume anayeiogopa damu yake mwenyewe? Mimi nimemwona, tena tumbo moja na mimi: Erasto, mdogo wangu.

Mwaka ule wa sabini na tatu, hapa Kitaya, ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita, na huku wanaume walikuwa wakifunzwa mgambo. Erasto alijiandikisha kwa ajili ya shati la kaki. Mtu wa kushinda kibarazani, jembe akiliona anaumwa kiuno! Ghafla anakimbizwa hadi mtoni, bunduki ya mti begani, jua la utosi, maji hanywi, eti askari hanywi ovyo. Alirudi ulimi nje kama mbuzi.

Jasho halijakauka, huyo kwa Mzee Hassani aliyekuwa akiumika watu: anachanja mgongoni, anabandika pembe, anafyonza damu. Pembe ilipobanduliwa, damu ilikuwa imeshikana kama ini la kuku.

"Deolinda kanitia kitu kwenye chakula!" akapiga kelele, kijiji kizima kikasikia.

Deolinda ni mkewe, kwao ng'ambo ya mto. Nyumba ile aliikandika kwa mikono yake, na lile tumbo la Erasto alilijaza yeye. Erasto akamtupia kanga zake uani, arudi kwao. Kwao kulikuwa kunaanguka mabomu!

Nikamwuliza, "Wifi, wewe unatakaje?"

Akazikunja kanga polepole, ncha kwa ncha. Nikamchukua kwangu.

Kisha nikamleta Yustina, nesi wa zahanati. Akamweleza Erasto taratibu: "Mtu akijikimbiza kwa nguvu asizozizoea, mwili unajiweka kama umejeruhiwa. Damu inajiandaa kuziba, inaganda upesi. Ukikaukiwa maji inazidi kuwa nzito. Mishipa ya mtu wa kazi hutanuka, damu ikapita vizuri. Ya mtu wa kukaa haijazoea. Ukipumzika, damu inarudi ilivyokuwa. Mkeo hahusiki hapo."

"Mambo ya askari huyajui, nesi."

"Na mwaka jana?" nikamwambia. "Uliumikwa, nikakufuta mgongo mimi. Damu ilitiririka. Mwaka jana ulikuwa unakimbia wewe?"

Akatoa hukumu, kama hakimu: atapumzika, ataumikwa tena. Ikiganda vile vile, Deolinda anavuka mto.

Akaja kupumzika kwangu, ndiyo, kwangu! Akalala kama gunia la mihogo. Akanywa maji mtungi mzima. Chakula alipika Deolinda, na huyo mwoga wa sumu akala, akaongeza, akakomba sufuria kwa kidole.

Tulipomrudisha kwa Mzee Hassani, watu walijaa hadi uani. Pembe ikabanduliwa. Damu ikamwagika, nyepesi, ikashuka hadi kwenye mkanda wa kaptura.

"Ini liko wapi, askari?" Mzee Hassani akauliza. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mnadhani aliona haya? Alivaa shati lake la kaki juu ya chale mbichi, akaja mpaka kwangu, akasimama mbele ya Deolinda na kitambi mbele.

"Haya, mama. Nimekusamehe. Rudisha nguo ndani."

Deolinda akaweka chini ungo aliokuwa akipepetea. Akajipangusa mikono kwanza, kidole kwa kidole.

"Narudi kwenye nyumba niliyoikandika," akasema. "Ila nataka wewe utoke."