Kiungulia Juu ya Kreni

Saiti nzima ya ujenzi ilimwita Bonge, na hata mwili ulipopungua hadi mashati yakamning'inia kama ya kuazima, jina halikupungua nao. Alikuwa mwendesha kreni. Alikaa kwenye kibanda cha vioo juu ya mnara wa chuma, akinyanyua nondo, zege na mbao kuzipeleka kwenye ghorofa zilizokuwa zikipanda chini yake. Mwaka uliotangulia aliambiwa, kwa upole lakini bila kumung'unya maneno, kwamba uzito wake haufai tena kwa ngazi wala kwa kiti. Apungue au ashuke. Alijinyima, alitembea, mwili ukakataa katakata. Mwishowe akaenda hospitali, wakamkata sehemu kubwa ya tumbo na kumwachia kitumbo chembamba kama ndizi. Kilo zikapukutika, naye akarudishwa juu.

Ila hakuna masika yasiyo na mbu. Kiungulia kikaanza kama mchezo, baada ya kula. Kisha kikaja hata bila chakula, kila alipoinama au kulala chali: asidi ikipanda kutoka tumboni, chungu, ikimchoma koo kama pilipili. Aliyejua ni mkewe peke yake, maana ukilala na mtu huwezi kukosa kumsikia akikohoa. Asubuhi moja alimkuta mumewe amesinzia kwa kukaa, ameegemea rundo la mito.

"Leo usiende," mke alisema. "Sauti imekwaruzika, hata sikuelewi."

"Mafua tu."

"Mafua gani yasiyoisha? Rudi kwa daktari, mume wangu."

"Daktari akijua, kazini watajua. Nilikatwa tumbo ili nipande. Sasa nikawaambie tumbo lilelile linanishusha?"

Mke alikunja shuka polepole. "Na mdogo wangu anasimama chini ya hiyo kreni kila siku. Hilo umelifikiria?"

Bonge alimeza kidonge chake cha kununua dukani, akakiteremsha kwa maji, akatoka.

Huyo mdogo wa mkewe ndiye aliyekuwa mtoa ishara. Kule juu Bonge hakuona kila kitu, kwa hiyo shemeji yake alisimama pale mzigo unapotua, redio mkononi, akimwambia kushoto, kulia, shusha, simama. Walielewana hivi kwamba mmoja akivuta pumzi tu mwenzake anajua anachotaka kusema.

Kabla ya mchana kulikuwa na mtita wa nondo wa kupeleka ghorofa ya juu, kwa mafundi waliokuwa wakisuka chuma cha nguzo. Bonge aliunyanyua, akauzungusha taratibu. Kiti cha kreni hakikuruhusu mtu kuegemea. Ili uone mzigo lazima uinamie mbele, utazame katikati ya magoti yako, kwenye kioo cha sakafu. Akainama.

"Njoo, njoo, shem," redio ilisema. "Kushoto kidogo. Njoo."

Asidi ikapanda. Safari hii haikuishia kooni. Iliingia njia ya hewa, na koo likajifunga kana kwamba mtu amelikaba. Alivuta pumzi, haikuja. Akavuta tena, haikuja. Mikono ilikimbilia shingo yenyewe, na kwa kuwa ilikuwa imeachia vishikio, mashine ikasimama ghafla. Mkono wa kreni ulitulia. Nondo hazikutulia. Zilijirusha mbele, zikarudi, zikajirusha tena, kwenye usawa wa vichwa vya watu.

"Simama! Shem, unafanya nini? Nijibu."

Bonge alisikia, lakini hakuwa na cha kujibia. Macho yakimtoka machozi, aliwaona mafundi wakitawanyika kama kuku walioona mwewe. Fundi mmoja alikuwa amebanwa kati ya nguzo na ukingo, hana pa kukimbilia. Na shemeji yake, badala ya kukimbia, alikuwa akimwendea amvute.

Mwili wote wa Bonge ulidai hewa. Aliunyima. Alirudisha mikono kwenye vishikio, akasubiri mzigo ufike mwisho wa bembea yake, kisha akasogeza mkono wa kreni ukaufuata mpaka ukawa juu yake, kama mama anavyomkimbilia mtoto wa bembea kumpunguza kasi. Bembea ikafa nusu. Giza likaanza kuingia pembeni mwa macho. Akasogeza tena, na papo hapo akaupandisha mzigo. Nondo zikapita juu ya kofia ya shemeji yake, karibu hata mtu angeweza kuzigusa.

Ndipo koo likafunguka, pumzi ikaingia ikipiga mluzi kama birika.

"Ondoa watu," alisema kwenye redio, sauti haitambuliki. "Wote."

Aliushusha mzigo chini kabisa, uwanjani pasipokuwa na mtu, akazima mashine, akateremka ngazi.

Walikuwa wakimsubiri. Shemeji alikuwa amepauka uso. Msimamizi wa ujenzi, mtu mwenye haraka zake, alitazama juu.

"Upepo, siyo?" alisema. "Huko juu leo unavuma vibaya."

Mlango ulikuwa wazi. Ilibaki kuitikia tu. Bonge alimtazama yule fundi aliyebanwa, amekaa juu ya tofali, anajaribu kunywa maji na maji yanamwagika kidevuni.

"Si upepo," alisema. "Ni mimi. Asidi inanipanda tangu nilipokatwa tumbo. Leo imenikaba."

"Tangu lini unajua?" shemeji aliuliza.

"Zamani."

"Na dada anajua?"

Bonge aliitikia kwa kichwa.

Aliondolewa juu siku hiyohiyo. Nyumbani mkewe alilia kwa hasira, akimlaumu yeye, kisha akijilaumu mwenyewe kwa kunyamaza. Asubuhi iliyofuata walikwenda hospitali pamoja. Daktari alimwingiza kamera kooni, akamwonyesha vidonda vilivyochubuka kama goti la mtoto. Alimweleza kwamba tumbo likishakuwa jembamba, presha hupanda ndani yake, na mlango wake wa juu ukilegea, asidi hurudi. Wengine hutulizwa na dawa. Ugonjwa wake ulikuwa umepita hapo. Alihitaji upasuaji wa pili, wa kuunganisha tumbo na utumbo kwa njia nyingine.

"Ungekuja mapema," daktari alisema, "usingeumia kiasi hiki."

Akapasuliwa. Miezi ilipita akifanya kazi ya stoo, akihesabiwa kama mgeni kwenye saiti yake. Shemeji alimsalimia kwa heshima yote, shikamoo na marahaba zikapita, na baada ya hapo hakuna neno.

Daktari aliporidhika, msimamizi alimruhusu kupanda tena. Asubuhi hiyo Bonge aliinama kutazama katikati ya magoti, akasubiri. Kifua kilikuwa kimetulia.

"Kulia kidogo," redio ilisema. Ilikuwa sauti ya shemeji. Alikuwa ameomba mwenyewe kusimama pale.

Mzigo ukateremka taratibu. Bonge aliona jinsi shemeji yake alivyorudi nyuma, hatua nyingi kuliko zilizohitajika, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Aliushusha polepole, mpaka kamba ikalegea.